Barua ya wazi kwa Bodi ya Shule: Minazi na Githeri mmewazaa nyinyi

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi,
na kwa Mwalimu Mkuu.

MINT: KUWAGAWA WASICHANA MABWENINI KWA ASILI YAO

Bwana Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu,

Natumai mko salama. Barua hii mngeisomea ofisini, si hapa hadharani, lau tatu zilizotangulia zingejibiwa. Ya kwanza nilimpa binti yangu ailete, karani akanipigia simu kunijulisha kwamba "imepokelewa." Ya pili niliileta mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri, ndipo naibu akatoka, akaniambia tukiwa tumesimama kwamba hayo ni mambo ya wasichana, watakua wayaache. Ya tatu ilikwenda kwa Mwenyekiti, na nakala yangu ina muhuri wa kupokelewa. Wiki saba zimepita.

Jina la shule silitaji. Wenyewe mnajijua, na wazazi wenzangu wataitambua wakisikia habari za ndoo.

Binti yangu alipoingia Kidato cha Kwanza nilimnunulia ndoo ya bluu ya lita ishirini, nikaiandika jina lake na namba yake kwa wino usiofutika. Muhula uliopita alirudi nayo imepasuka ukingoni. Jina halionekani; limefunikwa kwa rangi ya kucha nyekundu, herufi kubwa: MNAZI. Nikadhani kafanyiwa uchokozi, nikauliza ni nani. Akacheka. "Nimeandika mwenyewe, mama. Sisi wa mabweni ya chini sote ni Minazi. Wale wa juu ni Githeri, kama chakula chao cha mahindi na maharagwe; ni wabara." Na jioni, tunakuna nazi, nikamsikia anamwambia mdogo wake wa miaka saba asicheze na mtoto wa jirani yetu kwa kuwa "wabara wanaiba."

Bwana Mwenyekiti, nyanya yake mzaa baba ni Mkamba wa Machakos. Ndiye aliyemlea miaka miwili nikiwa chuo cha ualimu. Mwanangu amefunzwa kutembea na mbara.

Kwa hiyo nieleweke tangu mwanzo. Sikuja kulia kwamba mwanangu ametukanwa, ingawa ametukanwa. Naandika kwa sababu amejua kutukana, na ameyajulia kwenu. Mimi mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi, na najua tofauti ya tabia anayotoka nayo mtoto nyumbani na ile anayorudi nayo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mgawo wenyewe.

Hadi miaka miwili iliyopita mabweni yote manne yalichanganya kila mtu. Kisha ofisi ikaamua kwamba wanaosafiri kwa mabasi ya Nairobi na kuendelea walale mabweni mawili ya juu, na sisi tunaopanda matatu za hapa hapa pwani watoto wetu walale mawili ya chini. Sababu ilikuwa kwamba siku ya kufunga shule mabasi huja alfajiri, na matroni amechoka kuzunguka na tochi akitafuta abiria wake. Nasadiki hakuna aliyekusudia ubaya. Ila mabweni ya juu yapo karibu na tangi, na ya chini yapo nyuma ya shamba, ambako mfereji hutoa maji ukipenda.

Sasa tazameni jambo ambalo halihitaji mtaalamu. Wasichana wa Kidato cha Nne, waliolala pamoja kabla ya mgawo, hawagombani. Huazimana kanga, hupanda na kushuka wakitafutana. Wanaogombana ni wa Kidato cha Pili, waliotenganishwa siku ile ile ya kuripoti, kabla hata ya kujuana majina.

Hili tulilisoma chuoni. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwachukua wavulana 22 wa umri wa miaka kama 11, akawapeleka kambi ya Robbers Cave kule Oklahoma, Marekani. Wote walikuwa wa aina moja: weupe, Waprotestanti, watoto wa watu wa kipato cha kati. Hapakuwa na kabila wala bara na pwani. Aliwagawa mafungu mawili yasiyojuana, wakajipa majina, Eagles na Rattlers, kisha akawashindanisha kwa zawadi. Siku chache baadaye walikuwa wakichomeana bendera na kuvamiana vibandani usiku.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mwanafunzi wa ualimu huikumbuka. Isiyosimuliwa sana ni kwamba mwaka mmoja kabla, 1953, Sherif alijaribu jambo hilo hilo huko Middle Grove, jimbo la New York, likamshinda. Safari hiyo wavulana walikuwa wamechanganyika kwanza na kufanya urafiki, ndipo wakagawanywa. Walipochokozwa wapigane, waligoma, wakawashuku wakubwa kuwa ndio wanaowachezea. Nilipoikumbuka habari hii niliwaona wasichana wa Kidato cha Nne na kanga zao.

2. Alama na foleni ya chakula.

Kila Ijumaa mwalimu wa zamu husoma alama za usafi, michezo na ukimya wa usiku. Bweni la kwanza hutangulia kula wiki nzima. La mwisho hula mwisho, na siku ya chapati wa mwisho hupata vipande. Mmechukua mafungu mawili ambayo tayari yana majina, mkayawekea sufuria moja katikati.

Muhula uliopita maji yalikatika, yakabaki ya tangi tu. Jumatano jioni wasichana wa juu walijaza ndoo zao zote, wakauacha mfereji wazi. Walisimama wakiyatazama maji yanavyomwagika mchangani mpaka mfereji ukaanza kukohoa, ndipo wa chini wakafika na ndoo zao. Hawakuyamwaga kwa kuwa yalikuwa mengi, maana asubuhi yake na wao walikosa ya kupigia mswaki. Waliona ni afadhali wakose wote, mradi wa chini wawe wamekosa zaidi.

Mtu aliyelieleza hilo vizuri ni mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyevaa sare ya jeshi la Ufaransa, akatekwa na Wajerumani, na alipotoka kambini akakuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Alitaka kujua chuki huanzia wapi, akaanza na kitu kidogo kabisa. Alichukua wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza, akawaambia wamegawanywa kwa kupenda picha za mchoraji huyu au yule. Hawakuambiwa mwenzao ni nani wala hawakuonana. Wakapewa kazi ya kugawa senti. Wengi walipendelea upande wao, na kulikuwa na nyakati walipokubali upande wao upate kidogo kuliko ambavyo ungeweza kupata, ili tu wale wengine waachwe mbali. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1970 na 1971. Kwenu yanaonekana kwenye mfereji.

Hiyo ndiyo siku ndoo ya binti yangu ilipopasuka. Hakuipasua akichota maji; alimpiga nayo mwenzake begani.

3. Kauli za walimu darasani.

Mwalimu mmoja, ambaye simtaji na ambaye kwa mambo mengine namheshimu, ana mazoea ya kurudisha daftari za hisabati akisema, "Hizi za Minazi, msomeni chini ya mnazi." Darasa hucheka, na Minazi wenyewe hucheka. Nimeiona daftari ya binti yangu: kurasa za Kidato cha Kwanza zimejaa, za muhula huu zina swali la kwanza na la pili, kisha mstari. Nikamuuliza mbona hamalizi. "Si wanajua sisi wavivu."

Neno mnazi kwetu ni mti, na ni tembo, pombe ya mti huo. Mwalimu anapolitamka darasani analeta usingizi na ulevi pamoja, hata kama yeye anaona anatania.

Kwa vile limetamkwa, niacheni nilijibu. Baba yangu alikuwa mvuvi. Alitoka saa nne usiku na upepo ulipokubali alirudi jua limepanda. Shangazi zangu walichimba na kubeba matofali ya matumbawe machimboni, na mikono yao mkiishika mtadhani ni msasa. Umaskini wa Mmijikenda, mwenyeji wa pwani hii, una historia yake. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda huu wa pwani wajiandikishe kama wenye mashamba. Wengi wetu hatukuandikishwa, na vizazi vilivyofuata vikaitwa maskwota kwenye ardhi waliyozikwa babu zao. Mtu asiye na hati hapandi mti wa miaka ishirini. Anayepita barabarani humwona amekaa kivulini na kusema ni mvivu. Dharau nyingi hufanywa hivyo: hali ya mtu inageuzwa kuwa tabia yake.

Na mwalimu ana nguvu kuliko anavyojidhania. Aprili 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu Jane Elliott wa Riceville, Iowa, aliwaambia watoto wa darasa la tatu kwamba wenye macho ya rangi fulani ndio bora, kisha baadaye akageuza. Walioambiwa duni walianguka siku hiyo hiyo. Alipolirudia zoezi hilo na madarasa ya baadaye, aliona mtoto yule yule akisoma kadi zake polepole siku aliyokuwa duni na haraka siku aliyokuwa bora. Wapo wanaosema Elliott hakuwatendea haki watoto wale, na mimi ni mmojawao. Watoto si wa kujaribiwa hivyo. Lakini yeye alifanya kwa siku moja moja. Mwalimu wenu anafanya mwaka mzima.

4. Adhabu.

Baada ya vita vya ndoo wasichana watatu walitumwa nyumbani wiki mbili, wote wa mabweni ya chini, na binti yangu akiwemo. Yeye alistahili, kumpiga mtu kwa ndoo ni kosa. Lakini hakuna hata mmoja wa juu aliyeulizwa habari za maji. Wa chini wamejifunza kwamba ofisi ina upande, na wa juu wamejifunza hivyo hivyo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kubaguliwa kwa asili yake ya kikabila au kijamii, na sitaki tufike huko. Nimekitaja ili mjue nimekisoma.

Najua mtakayojibu, maana mengine nimeshajibiwa kwenye benchi.

Mtasema ni kwa ajili ya mabasi. Muhula una wiki nyingi. Mabasi huja asubuhi moja. Bandikeni orodha langoni usiku wa kuamkia safari, kila msichana alete sanduku lake ukumbini. Na kwa kuwa tunazungumzia mabasi, wale wavulana wa Robbers Cave, waliochomeana bendera, siku ya kurudi nyumbani waliomba wapande basi moja.

Mtasema mbona wanakula bwalo moja, wanasoma darasa moja. Sherif naye alijaribu kwanza kama kukaa pamoja kutatosha. Aliwaleta wavulana wale mezani pamoja, wakatupiana chakula. Kilichowabadilisha ni shida ya wote. Maji ya kambi yalikatika (watafiti wenyewe ndio walioyazuia kwa siri), na makundi yote mawili yakapanda mlimani hadi kwenye tangi kutafuta hitilafu. Baadaye lori la chakula "likakataa" kuwaka, wakalivuta wote kwa kamba ile ile waliyokuwa wakishindania kuvutana. Ilichukua siku kadhaa na shida kadhaa. Nyinyi hamhitaji kubuni shida yoyote, maana maji hayapo kweli. Mlikuwa na dawa mkononi mkaigeuza kuwa ugomvi.

Mtasema ukabila uko kwenye damu ya Wakenya, shule itafanya nini. Mchumi Edward Miguel alilinganisha Busia, upande wa Kenya, na wilaya ya Meatu, Tanzania, akachapisha mwaka 2004. Busia, palipokuwa na mchanganyiko mkubwa wa makabila, michango ya shule ilikuwa midogo. Meatu mchanganyiko haukuharibu kitu. Alieleza tofauti hiyo kwa siasa ya Tanzania ya kujenga taifa tangu enzi za Nyerere: Kiswahili, mtaala, serikali za vijiji. Damu ni ile ile ya watu wa Ziwa, mipango ndiyo iliyotofautiana. Sisemi Tanzania ni pepo. Nasema kuna watu walipanga.

Na mtasema, kama naibu, kwamba watakua wayaache. Hapa niruhusuni kidogo.

Agosti 1997 nilikuwa na miaka kumi na saba, tukikaa Likoni, Mombasa. Tulikuwa na jirani muuza mboga kutoka bara, mama mwenye sauti kubwa aliyetuuzia mchicha kwa mkopo. Kituo cha polisi kilipovamiwa na vikaratasi vya kuwataka wabara warudi kwao vikatapakaa, aliondoka usiku na watoto wake na godoro kichwani. Wiki zile zaidi ya watu mia moja waliuawa na maelfu kwa maelfu wakahama. Siasa za uchaguzi ndizo zilizouwasha moto ule. Lakini kuni zilikuwa zimekauka siku nyingi, na sisi ndio tuliozianika kwa mizaha ya barazani. Sikumtupia mtu jiwe. Ila asubuhi yake niliingia kwenye kibanda cha yule mama na wenzangu, nikatoka na sufuria yake. Mtu mzima mmoja nyumbani aliniona akasema, "Si chao hiki, ni cha kwetu." Sikurudisha. Hakurudi wa kurudishiwa.

Waliofanya yale hawakuwa watoto tena.

Ninachoomba, basi, ni hiki:

Kwanza, mabweni yachanganywe upya kwa kura kabla ya muhula ujao kuanza, Kidato cha Pili kwanza. Kura ichezwe mbele ya wazazi wawili, mmoja wa bara na mmoja wa pwani. Niko tayari kuwa huyo wa pwani.

Pili, foleni ya chakula isitegemee alama. Mkitaka mashindano, yashindanisheni madarasa au timu zinazobadilika kila mwezi, pasiwe na fungu la kudumu. Na zamu ya tangi isimamiwe na kamati ya wasichana wanane, wawili kila bweni, yenye ufunguo mmoja.

Tatu, walimu wakatazwe kuwaita wanafunzi kwa majina hayo, hata kwa utani. Kama mwalimu wa hisabati yuko tayari kujaribu kitu, kipo: mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipokuwa ndiyo kwanza zinachanganya weupe na weusi na watu wa asili ya Meksiko, mwanasaikolojia Elliot Aronson aliwakalisha watoto kwa vikundi vidogo, kila mmoja akapewa kipande kimoja cha somo ambacho wenzake hawana, na wote wakatahiniwa kwa somo zima. Mtoto aliyekuwa akichekwa akawa ndiye wa kusikilizwa, kwa kuwa kipande alikuwa nacho yeye. Nimejaribu kwa darasa langu la sita kwa somo la mito ya Kenya. Wiki ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Ya tatu nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mwacheni amalize, yeye ndiye mwenye Tana."

Nne, suala la maji ya Jumatano lichunguzwe kwa pande zote mbili, na rekodi za wale watatu zieleze chanzo cha vita, si mwisho wake tu.

Tano, nijibiwe kwa maandishi katika siku ishirini na moja, na jibu lisomwe kwenye mkutano wa wazazi.

Kwa upande wangu yapo niliyoyafanya. Binti yangu amemwandikia barua msichana aliyempiga, na barua hiyo ameiandika mara tatu kwa sababu ya kwanza na ya pili zilikuwa na "lakini." Nyanya yake ameitwa kutoka Machakos, amekaa nasi siku tano. Kuhusu ndoo, nilimpa pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikamwachia uamuzi. Mpaka leo asubuhi ilikuwa bado imesimama uani, haijaguswa.

Shule inafunguliwa Jumatatu. Nitamleta mwenyewe, na nitakuwa langoni kuanzia saa mbili na nakala yangu yenye muhuri.

Wenu mwaminifu,
Mzazi, Kidato cha Pili
Mabweni ya chini